Likizo ya Nje Ianze na Akiba, Isianze na Mkopo

Siku moja tulikuwa Kipsing, chini ya mti wa mgunga karibu na maduka, tukiwafundisha wateja jinsi ya kulinda PIN na kusoma meseji za ulaghai. Tulipomaliza tukasema, haya, nani ana swali? Tulitarajia maswali ya kawaida: pesa ikienda namba isiyo yake, laini ikipotea, ada ya kutoa kwa ajenti.

Kijana mmoja mwenye kibanda cha kuchaji simu akainua mkono. Akauliza, "Nikitaka kwenda Uganda nione Mto Nile, naweza kukopa ngapi kwa simu?"

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa na shuka begani akamwambia, "Maji ya kuangalia tu? Si hata hapa uangalie mchanga bure?" Wakacheka zaidi, maana mto wa Kipsing sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na watu huchimba visima ndani yake ili wapate maji.

Yule kijana hakucheka. Alisema amekua akichota maji kwenye mchanga, na kabla hajaoa angependa kuona mto ambao haukauki. Ni hayo tu.

Siku hiyo tulimjibu haraka haraka kwa sababu gari lilikuwa linangoja. Swali lake tumekuja kulijadili ofisini mara kadhaa, na haya ndiyo majibu tuliyopaswa kumpa. Twende pole pole.

Kwanza, haki ya kutembea ni yako pia

Hebu tuseme ukweli. Ukikaa Kaunti ya Isiolo unaona watalii kila mwaka. Wanapita mjini kwenda Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Wengine wanaenda Lewa. Sisi tumezoea kuwa wenyeji: tunauza shanga, tunaongoza magari, tunapika, tunalinda geti. Tumezoea hadi tukaamini kwamba mtalii ni mtu wa kutoka mbali na ngozi tofauti, na kwamba mtu wa Kipsing akivuka mpaka lazima awe anatafuta kazi au anafuata mifugo iliyopotea.

Hatukubaliani na hilo. Mtu aliyeuza vocha na kuchaji simu za watu mwaka mzima ana haki ya kupumzika siku nne mahali asipojulikana. Na kwa sisi wa Afrika Mashariki, nchi ya nje haiko mbali vile. Tangu mwaka 2014, Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Kwa hiyo Uganda ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu ambaye hajawahi kutoka nje.

Kwa hivyo wazo la yule kijana lilikuwa zuri. Shida yetu ni neno moja tu kwenye swali lake: kukopa.

Hesabu ya mkopo haisemi uongo

Tuchukue mfano. Hizi si bei za kampuni yoyote, ni za kujifunzia tu. Tuseme safari yako inahitaji Sh18,000 na unakopa zote kwa simu kwa ada ya Sh8 kwa kila Sh100 kwa mwezi. Ada ya mwezi wa kwanza ni Sh1,440. Unarudi kutoka safari, biashara imelala siku nne, huna ya kulipa. Unaongeza mwezi wa pili, halafu wa tatu. Ada peke yake sasa ni Sh4,320, na Sh18,000 bado ziko pale pale zinakungoja.

Kama mbuzi sokoni Oldonyiro ni Sh5,000, basi umekaribia kumpa mkopeshaji mbuzi mzima, na wewe hukuonja hata supu.

Tunajua tunachosema. Wengi wetu kwenye timu hii tuna miaka ishirini na kitu, tumetoka chuo juzi. Mmoja wetu alikopa kwenye programu tatu tofauti ili aende Zanzibar na marafiki. Picha zilitoka nzuri sana. Miezi mitano baadaye alikuwa bado anapokea simu za wakopeshaji akiwa kazini, na mmoja wao akawapigia ndugu zake. Mama yake alijua kuhusu Zanzibar kupitia mtu wa kudai deni. Hadi leo akiona zile picha hafurahi.

Na hapa tuwe wakweli hata kama hatutapendwa ofisini. Biashara ya pesa za simu hupata faida watu wakikopa. Kubofya mara mbili tu na pesa imeingia. Urahisi huo ni mzuri mtoto akiugua usiku, na ni mtego ukitaka kwenda kuona mto. Mkopo wa hospitali au wa kuongeza bidhaa dukani una sababu. Mkopo wa likizo unamaanisha utalipia siku nne za furaha kwa miezi ya wasiwasi. Maoni yetu ni haya: kama safari haiwezi kungoja akiba, ahirisha safari.

Ukilazimika kukopa kwa jambo lolote lile, angalau hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Sheria ya mwaka 2021 iliweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya benki hiyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kukopa kwa mtu asiyejulikana.

Wafugaji wanajua kupanga safari kutushinda

Kitu kilichotufurahisha tulipoongea na wazee wa Kipsing ni kwamba wao hawahitaji somo la kupanga safari. Mfugaji hahamishi ng'ombe kwa kubahatisha. Kwanza anatuma vijana waangalie malisho na maji, waulize kama kuna amani na ugonjwa. Anajua ni siku ngapi za kutembea. Anaacha mifugo wa maziwa nyumbani ili watoto wasilale njaa. Na hata mambo yakiwa mabaya, hagusi haraka majike wanaozaa, maana hao ndio kesho yake.

Chukua hayo yote uyapeleke kwenye likizo yako. Kutuma vijana ni kuulizia bei kabla hujatoka. Maziwa ya nyumbani ni pesa ya chakula, karo na kodi ya kibanda. Hiyo hubaki, haisafiri na wewe. Na majike wanaozaa ni mtaji wa biashara. Ukila mtaji ukiwa likizo, utarudi kwenye kibanda kitupu.

Tuseme unaenda Jinja

Tumechagua Jinja kwa sababu ya yule kijana. Ni mji ulio karibu kilomita 80 mashariki mwa Kampala, pale ambapo Mto Nile unatoka Ziwa Victoria na kuanza safari ya zaidi ya kilomita 6,000 hadi Bahari ya Mediterania. Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo mwaka 1862, na kuna mnara wa kumkumbuka. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wanakunywa maji hayo muda mrefu kabla yake. Pia utakuta sanamu ya Mahatma Gandhi, kwa sababu sehemu ya majivu yake ilimwagwa kwenye mto huo.

Uzuri wa Jinja kwa mtu wa bajeti ndogo ni kwamba iko njiani. Basi linalotoka Kenya kupitia Busia au Malaba kwenda Kampala hupita hapo kabla ya kufika Kampala. Mwambie kondakta mapema unashuka Jinja, usije ukalala ukaamkia Kampala. Na si lazima upitie Nairobi. Kutoka Kipsing unafika Isiolo mjini, unapanda matatu hadi Nanyuki, halafu unakata kupitia Nyahururu hadi Nakuru, na Nakuru unapata magari ya kuelekea magharibi. Linganisha njia zote mbili kabla ya kuamua. Wakati mwingine basi moja refu kutoka Nairobi ni nafuu kuliko matatu nne fupi, na wakati mwingine ni kinyume chake.

Kuna mambo mawili ya kushughulikia mapema.

La kwanza ni kitambulisho. Beba chenyewe, si picha kwenye simu. Kama kimekatika au maandishi yamefutika, omba kingine kabla ya kupanga tarehe.

La pili ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Unaweza kuulizwa mpakani. Chanjo inatakiwa kuchomwa angalau siku 10 kabla ya kuvuka, na tangu mwaka 2016 kadi hiyo hutambuliwa maisha yote, kwa hiyo ni gharama ya mara moja. Ulizia hospitali ya kaunti inapotolewa. Usikubali kuuziwa kadi na mtu wa mpakani bila kuchomwa sindano. Utakuwa umenunua karatasi ya uongo, na mwili wako hauna kinga yoyote.

Ukitaka kulala, tafuta hosteli au nyumba ya wageni ndogo, upige simu wewe mwenyewe uulize bei kwa shilingi za Uganda. Jinja kuna michezo ya maji yenye bei za dola, kama kushuka maporomoko kwa mtumbwi wa mpira. Hiyo ni nzuri lakini inaweza kumeza bajeti yako yote mchana mmoja. Kukaa ukingoni, kutembea mjini, kula roleksi ya moto kando ya barabara, yaani chapati iliyokunjwa na mayai ndani, hayo hayahitaji dola. Kiswahili utapata wanaokielewa, ila wenyeji huongea Lusoga na Luganda, na Kiingereza kitakusaidia dukani.

Akiba: Sh450 kwa wiki

Turudi kwenye zile Sh18,000. Tuzigawe hivi, kwa mfano tu, kisha wewe uweke bei ulizoulizia:

- Nauli kwenda na kurudi: Sh8,000
- Kulala usiku 3, kila usiku Sh1,200: Sh3,600
- Chakula: Sh2,400
- Matembezi na zawadi ndogo za nyumbani: Sh1,500
- Dharura: Sh2,500

Ukiweka Sh450 kila wiki, wiki ya 40 unafikisha Sh18,000 kamili. Hiyo ni kama miezi tisa. Utasema ni mbali. Ndiyo, ni mbali. Lakini yule aliyekopa pia atalipa kwa miezi mingi, tena na ada juu.

Sasa, kuweka pesa kwenye simu kuna shida yake: pesa ikiwa pamoja na ya matumizi, itatumika. Rafiki atapiga, "Niokolee mia tano hapo." Kwa hivyo tenga. Kama huduma unayotumia ina akiba ya kufunga, ifunge hadi mwezi wa safari. Soma kwanza masharti: ukiitoa mapema unakatwa nini? Iite jina, kama "Nile", ili kila ukitaka kuivunja ujue unavunja nini. Weka siku moja ya wiki, ile ambayo biashara huwa nzuri, na uweke kabla hujaanza kutumia.

Wale wa mifugo wana njia nyingine. Mapato yao hayaji kila wiki, yanakuja siku ya kuuza. Basi ukiuza mbuzi, tenga sehemu ndogo siku hiyo hiyo, kabla hujafika dukani. Usiuze mbuzi kwa ajili ya safari peke yake, hasa kiangazi bei ikiwa chini.

Mpakani ndipo pesa hupotea

Mtu anaweza kuweka akiba miezi tisa, halafu apoteze sehemu yake kwa dakika tatu pale Busia. Ukishuka tu kwenye gari, wabadilishaji pesa wa barabarani wanakuzunguka na kikokotoo mkononi. Umechoka, hujui bei, gari linapiga honi.

Fanya hesabu kabla hujafika. Tuseme siku hiyo shilingi moja ya Kenya ni shilingi 28 za Uganda. Sh10,000 zako zinapaswa kuwa 280,000. Mtu akikupa kwa 26, unapata 260,000. Umepoteza 20,000 za Uganda, ambazo ni zaidi ya Sh700 za Kenya. Hizo ni karibu wiki mbili za akiba yako. Na hapo tumechukulia kwamba kikokotoo chake ni cha kweli na noti zote ni halali.

Ushauri wetu ni huu:

Badilisha kiasi kidogo tu mpakani, cha chakula na usafiri wa siku ya kwanza, na ukibadilishe kwenye duka lenye leseni na bei ukutani. Hesabu kwa simu yako mwenyewe, si kwa kikokotoo cha mtu.

Pesa nyingine iache kwenye simu. Huduma za kutuma pesa kutoka Kenya kwenda namba za Uganda zipo, na unaweza kumlipa mwenye nyumba ya wageni moja kwa moja. Kabla ya kuweka PIN, angalia mambo mawili: atapokea shilingi ngapi za Uganda, na ada ni ngapi. Linganisha na bei ya dukani. Usiangalie ada peke yake. Ada inaweza kuwa ndogo lakini bei ya kubadilisha ikawa mbaya, na hapo ndipo wengi hulipa bila kujua.

Uliza huduma kwa wateja, ukiwa bado nyumbani, kama laini yako itafanya kazi ukiwa nje na kama menyu ya pesa itafunguka. Zima data kabla ya kuvuka, maana simu inaweza kushika mtandao wa nchi ya pili hata hujavuka, na bando lako la nyumbani huenda lisifanye kazi huko.

Nauli ya kurudi haiguswi. Iweke pembeni kabisa, peke yake. Hata ukiibiwa mfuko, bado unafika nyumbani.

Mwisho, mwachie mtu mmoja nyumbani ratiba yako: unalala wapi, namba ya pale, unarudi lini. Mwambie pia kwamba hutamtumia meseji ya "nimekwama, tuma pesa haraka" bila kumpigia ukaongea naye kwa sauti yako. Walaghai wanapenda sana kujua mtu amesafiri.

Na yule mama je?

Hatujasahau swali lake. Maji ya kuangalia tu? Watu wa Isiolo wameona ukame uliochukua misimu mitano ya mvua mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Kuna familia zilizopoteza karibu mifugo wote. Mtu aliyepitia hayo akisikia kijana anaweka pesa ya kutembea, ana haki ya kushangaa.

Jibu letu ni kwamba mama ana hoja, na mpangilio sahihi unaiheshimu hoja yake. Kwanza weka akiba ya shida ya nyumbani, hata kama ni kidogo. Ikishasimama, ndipo uanze akiba ya safari. Ukame ukija katikati, ile pesa ya Nile itanunua nyasi au chakula, na safari itasubiri. Hapo ndipo akiba inaposhinda mkopo kabisa. Pesa ya akiba inaweza kubadilisha kazi na kuokoa mbuzi wa mama. Mkopo ulioliwa Jinja hauwezi, na ukame ukija utakukuta na deni.

Kijana wetu wa Kipsing, kama unasoma hii kwenye simu ya mteja unayoichaji: samahani tulikujibu kwa haraka siku ile. Uliuliza unaweza kukopa ngapi. Sisi tunasema anza na Sh450 wiki hii. Mwaka ujao Nile itakuwa bado inatiririka, na utaiangalia bila kuogopa simu ikilia. Ukirudi mletee mama zawadi, umwonyeshe na picha za maji.